Mahindi ya Kitale, Watoto wa Bungoma

Vitabu vya mbinu za utafiti tunavyotumia kuwasomesha washauri nasaha huku pwani vimejaa panya wa maabara na wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Nimevifundisha kwa miaka, na kila muhula tukifika sura ya kundi linganishi, darasa husinzia. Basi rafiki yangu anayefundisha ushauri nasaha katika chuo kimoja cha Kitale aliponipigia simu akitaka nikawasaidie wanafunzi wake wanaoandika mapendekezo ya utafiti, nilimpa sharti: darasa likiisha, anifikishe Bungoma. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu kazi iliyofanyika huko na watoto waliofiwa na wazazi, na nilitaka kuiona nchi yenyewe. Kupita Nakuru kwenda magharibi, sikuwahi.

Treni ya mchana hadi Nairobi, kisha basi la usiku. Eldoret niliipita usingizini. Nilipozinduka kondakta alikuwa akiita abiria wa Moi's Bridge, na vioo vya madirisha vimefunikwa na ukungu. Kitale umekaa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliozaliwa tukisikia mawimbi hatuna nguo za mji kama huo. Nilishuka nimejitanda leso juu ya sweta, na makanga mmoja akaniuliza, hata sijafungua mdomo, "Mathe, umetoka Mombasa, sivyo?"

Jua lilipopanda niliuona Mlima Elgon upande wa magharibi, umelala kwa mapana yake bila kilele cha kuchongoka, na milima ya Cherangani upande wa pili. Katikati, mahindi. Mahindi nyuma ya benki, mahindi nyuma ya vituo vya mafuta, mahindi mpaka yanapokutana na lami. Rafiki yangu, aliyekuja kunipokea na flaski ya chai, alisema darasa lingesubiri mpaka kesho yake. Kwanza alitaka nione shamba.

Nje kidogo ya mji kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, na hapo ndipo ilipozaliwa mbegu iliyobadilisha ukulima wa Kenya. Kazi ya kuboresha mahindi ilianza Kitale mwaka 1955 chini ya mtaalamu aitwaye Michael Harrison. Alichukua mahindi yaliyotokana na yale ya walowezi, yaliyojulikana kama Kitale Synthetic, akayachanganya na mbegu ya nyanda za juu za Ecuador iliyoandikishwa kwa jina la Ecuador 573. Mwaka 1964 ikatoka H611. Kampuni ya Mbegu ya Kenya, iliyoanzishwa mjini humu mwaka 1956, ikaifikisha kwa wakulima, na jamaa zake kama H614 na H6213 zingali zinapandwa hadi leo. Mkulima yeyote wa Trans Nzoia atakutajia namba hizo kama mtu anavyotaja majina ya wajomba zake.

Fundi aliyetuzungusha shambani hakuwa na habari za ushauri nasaha, na hakuna mtu aliyewahi kunieleza usanifu wa majaribio vizuri kuliko yeye. Alisimama kwenye kijia kinachogawa vitalu, akaonyesha juu kwa mkono. "Pale juu, madam, panakauka mapema. Huku chini panatuama maji. Sasa wewe ukipanda mbegu yako mpya yote huku chini na ile ya zamani yote kule juu, siku ya kuvuna utasifu mbegu, kumbe ni maji." Kwa hiyo shamba hukatwa vipande kufuata mteremko, na ndani ya kila kipande mbegu zote hupandwa, mpya na za zamani. Ipi ikae wapi, hilo haliamuliwi na mtu. Hupigiwa kura. Nikamuuliza kwa nini mtaalamu asichague mwenyewe, maana anaijua ardhi. Alinitazama kwa huruma. "Kwa sababu anaipenda mbegu yake."

Kila kipande kilizungukwa na mistari ya mahindi isiyo na kibao. Hiyo ni ya kinga, akasema, na haihesabiwi, kwa kuwa mimea ya pembeni hupata mwanga kuliko ya ndani na ingedanganya mizani.

Utaratibu huu uliwekewa misingi na Ronald Fisher, Mwingereza aliyeingia kituo cha kilimo cha Rothamsted mwaka 1919 na kuchapisha kitabu chake cha usanifu wa majaribio mwaka 1935. Ulianza kwenye ngano, viazi na samadi. Madaktari na wanasaikolojia waliuchukua baadaye. Sisi tunaouogopa kana kwamba ulishushwa kutoka maabara za kigeni, tunaogopa kazi ya shamba.

Darasani nilikuta wanafunzi wenye ari, wengi wao walimu na wauguzi waliorudi shule wakiwa watu wazima. Mapendekezo yao yalikuwa mazuri kwa nia. Mmoja alitaka kuwafuatilia wanafunzi wa kidato cha pili wanaotumia bangi. Mwingine, kina mama wa familia zilizohama vijiji vyao wakati wa machafuko ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008 na hazijawahi kutulia tena. Mwanafunzi mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alitaka kufanya kazi na watoto waliofiwa. Lakini ukiondoa mada, muundo ulikuwa uleule: wape watu hojaji, wape ushauri nasaha kwa wiki kadhaa, wape hojaji ileile tena. Alama za huzuni zikishuka, ushauri umefanya kazi.

Nikawauliza nini kingine kinaweza kuzishusha. Kimya. Kisha muuguzi mmoja akasema kwamba watu hupona wenyewe. Naam. Anayekuja kwa mshauri huja akiwa katika hali mbaya kuliko siku zake zote, na aliye chini kabisa, aghalabu njia iliyobaki ni ya kupanda, mshauri awepo asiwepo. Mwingine akasema mtu hujibu hojaji ya pili kwa kumfurahisha aliyemhudumia, kwani nani atamwambia mshauri wake kwamba wiki zote zile zimepita bure? Kijana wa Kibukusu aliyekaa nyuma akaongeza la kwao: ukipima wavulana wa Bungoma mwezi wa Juni wa mwaka usiogawanyika kwa mbili, kisha uwapime tena Septemba ya mwaka unaofuata, katikati hapo umepitiwa na msimu wa tohara, ambao Wabukusu huufanya mwezi wa Agosti kila mwaka wa shufwa. Mvulana aliyetoka jandoni si yule uliyempima. Ana jina kubwa kijijini, ana rika lake, amepewa mifugo au ameahidiwa. "Huyo akikwambia ana furaha," kijana akasema, "utasema ni wewe?"

Darasa lilicheka, nami nikajua halitasinzia tena.

Niliwasimulia habari ya Muriel Bristol, mfanyakazi mwenzake Fisher kule Rothamsted, aliyedai anaweza kujua kwa kuonja kama kikombe kilitiwa maziwa kwanza au chai kwanza. Fisher alilifanya dai hilo kuwa jaribio la vikombe 8, vinne vya kila aina, vikiletwa kwa mpangilio wa kura. Hadithi haikuwaingia. Kitale chai huchemshwa na maziwa yake katika sufuria moja, na mtu anayemimina kimoja baada ya kingine huonekana ana upungufu wa malezi. Ndipo mwanafunzi wa Kiminini akadai kwamba yeye, hata umfunge macho, anajua ugali wa unga wa posho na ugali wa unga wa pakiti.

Tukamfunga macho kwa leso yangu. Mama wa kantini alipika sufuria mbili, tukakata matonge 8 ya ukubwa mmoja, manne ya kila unga, tukayaacha yapoe sawasawa. Mpangilio ulitoka kwenye mkebe wa Kimbo, vikaratasi vimekunjwa. Tonge la kwanza likaenda, la pili likaenda, kisha rafiki yangu akasimamisha kila kitu. Mama wa kantini, aliyekuwa akikabidhi matonge, alikuwa akiguna kidogo kila aliposhika la unga wa posho, na mwonjaji, macho yake yamefungwa lakini masikio je? Tukaanza upya. Safari hii mama alibaki nyuma ya mlango na orodha, na aliyepeleka sahani alikuwa mwanafunzi asiyejua lolote. Wanafunzi waliandika jambo hilo kwenye madaftari bila kuambiwa: anayepima asijue nani kapewa nini.

Kijana wa Kiminini akapata matonge matatu ya posho kati ya manne, na moja akalichanganya na la pakiti. Shangwe. Wengine walikuwa tayari wanampigia makofi ya ushindi. Nikawaomba tuhesabu ubaoni. Kuna njia 70 za kuchagua matonge manne kati ya manane. Njia moja tu ndiyo ya kupata yote. Za kupata matatu ni 16. Kwa hiyo mtu asiyejua chochote, anayebahatisha tu, atafikia matokeo ya kijana wetu au kuyazidi mara 17 katika 70, yaani karibu mara moja kwa kila nne. Ubao ulinyamazisha makofi. Kijana alisema tumpe matonge zaidi, na hilo ndilo jibu sahihi ambalo wanatakwimu hulizunguka kwa kurasa nyingi: idadi ikiwa ndogo, ujuzi wa kweli na bahati hufanana.

Kesho yake tulipanda matatu kuelekea Bungoma, rafiki yangu, mimi na wanafunzi watatu, mmoja wao yule mwalimu wa watoto waliofiwa. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Barabara huteremka na hewa hupata joto, na niliivua ile sweta kabla ya Webuye. Pale Webuye kuna kiwanda cha karatasi kilichosimama mwaka 2009 na kuuacha mji mzima bila mshahara, na juu yake kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walipambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Ukipinda kuelekea Bungoma, mahindi yanaanza kuchanganyika na miwa, trekta za miwa zinashika barabara karibu na kiwanda cha sukari cha Nzoia, na matatu inatembea kwa mwendo wa trekta hadi Kanduyi.

Njiani niliwasimulia kwa nini tunakwenda. Mwaka 2014 Karen O'Donnell na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao ya Moshi, Tanzania. Watoto 64 waliofiwa na wazazi walipata vikao 12 vya kikundi, kimoja kila wiki, vya tiba ya fikra na mwenendo inayolenga kiwewe. Waliowaongoza hawakuwa wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Dalili za kiwewe na majonzi zilishuka, na mwaka mmoja baadaye zilikuwa bado chini. Habari njema. Ila ni muundo uleule wa darasa la Kitale: kabla na baada, kundi moja.

Watafiti hawakuishia hapo. Timu iliyoongozwa na Shannon Dorsey wa Chuo Kikuu cha Washington na Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke iliendesha jaribio la kura Moshi na Bungoma kwa pamoja. Huku Kenya walishirikiana na Ace Africa, shirika lenye mizizi yake Bungoma. Watoto walikuwa 640, wa umri wa miaka 7 hadi 13, wote wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wote wakiwa na dalili. Kura iliwagawa: nusu wakapata vikao, pamoja na vikao vya walezi wao na vichache vya mtoto na mshauri peke yao, nusu wakaendelea na huduma za kawaida zinazotolewa kwa mayatima. Waliowahoji watoto hawakuambiwa nani yuko kundi gani. Na kama shamba la Kitale lilivyokatwa kufuata mteremko, hapa mji ulitengwa na vijiji, kwa hiyo maeneo yakawa manne: Bungoma mjini, Bungoma vijijini, Moshi mjini, Moshi vijijini.

Matokeo yalitoka mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Vikao vilipokwisha, waliotibiwa walikuwa na nafuu kuliko wenzao katika maeneo matatu. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka mmoja, Bungoma tofauti ilikuwa bado ipo, mjini na vijijini, na ni kubwa. Moshi mjini ilikuwa imetoweka.

Wanafunzi walidhani nimemaanisha watoto wa Moshi walirudi nyuma. La. Waliotibiwa Moshi waliendelea vizuri. Ila wenzao waliobaki na huduma za kawaida nao walikuwa wamepata nafuu ya kiasi hichohicho.

Nimelifikiria tokeo hili kwa muda mrefu na bado linanisisimua kuliko lile la Bungoma. Chukua watoto wa Moshi peke yao, uondoe kundi linganishi, na unachobaki nacho ni picha ileile ya wale 64 wa kwanza: walikuwa vibaya, wakatibiwa, mwaka umepita wako vyema. Kila neno la kweli. Na mtu angesimama mkutanoni aseme tiba imewashikilia mwaka mzima. Kinachomzuia ni watoto wengine, ambao hakuwahi kuwagusa, waliofika mahali palepale kwa njia nyingine. Na Bungoma vilevile: tusingejua kwamba tiba iliwafaa kwa muda mrefu kama kusingekuwa na watoto wa Bungoma waliobaki na huduma za kawaida, na ambao mwaka ulipopita walikuwa nyuma. Sisi washauri tumezoea kumtazama aliyeketi mbele yetu. Ujuzi wa kama tunafaa umekaa kwa yule ambaye hakuja.

"Lakini mwalimu," yule mwanafunzi wa watoto waliofiwa akaniambia, sauti imepanda mpaka abiria wa mbele wakageuka, "mahindi hayalii. Nitamwambiaje mtoto kwamba kura imemkataa?"

Swali lake halikupata jibu kwenye matatu. Lilipata nusu ya jibu upande wa Chwele, kwenye boma la mlezi mmoja aliyekuwa ametukubalia tuzungumze na kikundi chake cha akina nyanya wanaolea wajukuu. Walitukaribisha kwa salamu ya mulembe na kwa ndizi za kuchemsha, na kuku alikuwa amekwishachinjwa, kwani mgeni anayefika Bungoma mara ya kwanza hali maharagwe. Mwanafunzi wetu alijieleza kwa Kiswahili, na pale kilipokwama kijana wa Kibukusu akachukua usukani kwa lugha ya nyumbani. Alisema angependa kuendesha vikao kwa watoto waliofiwa, kwamba hawezi kuwachukua wote kwa mara moja, na kwamba angepiga kura nani aanze. Alilisema hili la mwisho kwa haraka, macho chini.

Nyanya mmoja, kukhu kwa Kibukusu, mwenye kitambaa cha kijani, akamuuliza shida iko wapi. Chama chao kila mwezi huchanga pesa akapewa mmoja, na mwanzo wa mwaka vikaratasi huwekwa kwenye sufuria kila mtu achukue namba yake. Aliyepata ya mwisho hanuni, kwa sababu hakuna aliyempendelea mwenzake. "Akichagua mwenyekiti, hapo tutagombana."

Hili nililijua kwa upande wa vitabu. Hukohuko Bungoma, baada ya jaribio la kwanza, watafiti walewale waliendelea na kazi nyingine iliyowahusisha walimu 120 na wahudumu wa afya ya jamii 120, katika shule 40 na jamii 40 zinazozizunguka, kuona ni mkono upi unaoweza kuibeba tiba hii bila mfadhili wa kudumu. Tiba yenyewe huko huitwa Pamoja Tunaweza. Maeneo hayakugawanywa kati ya watakaopata na watakaokosa. Yaliingia kwa zamu, na kura ndiyo iliyopanga zamu. Wanaongoja ndio wanaolinganishwa na walioanza, mpaka zamu yao ifike. Majirani wa Busia waliwahi kuona mpango wa aina hiyo kuanzia 1998, wakati shule 75 zilipopewa dawa za minyoo kwa makundi matatu ya shule 25. Kazi hiyo ya Edward Miguel na Michael Kremer ilivuma duniani, na Kremer akaja kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Ukitaka kuwa mkali, Busia haikuwa kura kamili: shule ziliorodheshwa kialfabeti na kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Na kulikuwa na funzo jingine ambalo mwanafunzi wetu alilihitaji zaidi. Minyoo ikipungua kwa waliomeza dawa, hupungua pia kwa majirani wasiomeza. Mtoto aliyefundishwa kutuliza pumzi anapoota ndoto mbaya atamfundisha binamu yake anayelala naye kitanda kimoja, na binamu huyo akiwa kwenye kundi la kungoja, tofauti inaliwa. Ile mistari ya kinga ya Kitale, kwa watu, ni umbali kati ya kijiji na kijiji.

Kukhu alikuwa hajamaliza. "Lakini chama chetu kina daftari. Wewe hiyo zamu ya pili ipo, au ni maneno ya kutufanya tukubali?"

Mwanafunzi hakujibu. Sote tulijua ratiba yake: saa za mazoezi ya vitendo zinaisha Novemba, tasnifu inawasilishwa, mtu anahitimu na kuhama. Watafiti wa Washington na Duke wana wafadhili na miaka. Yeye ana nauli ya matatu. Nafikiri hapa ndipo mapendekezo mengi ya wanafunzi yangepaswa kuanzia, kabla ya nadharia na kabla ya hojaji: ni ahadi gani unaweza kuitimiza ukiwa wewe peke yako, na watoto wangapi ahadi hiyo inawatosha.

Tulikaa mjini Bungoma usiku ule katika nyumba ya wageni karibu na soko, na mwanafunzi akaupangua mpango wake kwenye meza ya chakula. Vijiji sita badala ya shule moja. Vitatu vianze Januari, vitatu Mei, kura ipigwe mbele ya walezi na mzee wa kijiji kwa mkebe na vikaratasi, wote waone. Hojaji zijazwe na mwenzake asiyejua kijiji kipi kimeanza, naye mwenyewe asiwepo. Vikao vya zamu ya pili viishe kabla ya shule kufungwa Agosti, kwa kuwa Agosti hiyo ilikuwa ya tohara. Rafiki yangu alimkumbusha kuhusu kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha kamati ya maadili, ofisi ya elimu ya kaunti, chifu, na ridhaa ya mlezi inayofuatwa na ridhaa ya mtoto mwenyewe, ambaye ana haki ya kukataa hata kama nyanya yake amekubali. Orodha ilipofika kwa chifu mwanafunzi alikuwa ameshika kichwa.

Nilimwambia wazi kwamba kwa vijiji sita hatathibitisha kwamba tiba inafaa. Hiyo ni kazi ya watoto 640. Atakachoweza kuonyesha ni kama kazi hiyo inawezekana mikononi mwa mwalimu wa kawaida, watoto wangapi wanamaliza vikao, wangapi wanaacha na kwa nini, na kama kundi linalongoja nalo linapata nafuu. Alisema hilo la mwisho ndilo analolitaka. Kisha akauliza kuhusu kipimo cha baada ya mwaka mmoja, kile kilichoitenganisha Bungoma na Moshi. Wakati huo atakuwa amehitimu. Nani atarudi kuwahoji watoto?

Tulizungumza juu ya kumwachia msimamizi, au wanafunzi wa mwaka unaofuata. Kila njia ilikuwa na tundu lake. Mwishowe akasema atarudi mwenyewe, yeye ni wa Kamukuywa, si mbali, na yule kukhu amekwisha kulikariri jina lake. Rafiki yangu alimsukumia daftari akamwambia aiandike nauli hiyo kwenye bajeti, kwenda na kurudi, na ya yule mwenzake wa kuhoji pia.